Nilijifungua wiki ya 30 kwa presha ya mimba: je, itarudi, na mdogo wangu naye yuko hatarini?

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 36, naishi Tanga mjini. Miaka sita iliyopita mimba yangu ya kwanza iliishia wiki ya 30. Presha ilifika 180/120, macho yakaanza kuona ukungu, nikafanyiwa upasuaji usiku uleule. Mtoto aliishi siku nne. Ndoa ile ilivunjika. Sasa nimeolewa tena na tunatamani mtoto, ila mama mkwe amesikia habari zangu na anasema ugonjwa ule uko kwenye damu yangu. Mama yetu mzazi alifariki wiki ya kwanza baada ya kumzaa mdogo wetu wa mwisho; walisema ni degedege, wengine wakasema mashetani. Mdogo wangu anayenifuata yuko Pangani, ana mimba yake ya kwanza, wiki 13, hajaanza kliniki. Naomba unieleze ni nani hasa hupata ugonjwa huu hadi ukawa mkali, na sisi tumesimama wapi.

JIBU: Marahaba, dada. Pole sana kwa mwanao, na pole kwa mama.

Nitaanza na mdogo wako ingawa umeandika zaidi kwa ajili yako, kwa sababu wewe una muda na yeye hana. Yuko wiki ya 13. Dawa ambayo imethibitika kupunguza uwezekano wa ugonjwa huu ni aspirini ya dozi ndogo, na inasaidia zaidi ikianzwa kati ya wiki ya 12 na ya 16. Akisubiri mpaka tumbo lionekane ndipo aende kliniki, kama wengi wetu tulivyozoea, atakuta muda huo umepita. Mpigie simu leo hii. Aende wiki hii, na kabla hawajampima chochote amwambie nesi hivi: "Hii ni mimba yangu ya kwanza. Mama yangu alifariki kwa degedege siku chache baada ya kujifungua, na dada yangu alizalishwa wiki ya 30 kwa sababu ya presha." Amwombe ayaandike hayo kwenye kadi.

Mimba ya kwanza peke yake si sababu ya kumpa mtu aspirini. Tungewapa wajawazito wengi mno. Kuwa na mama au dada aliyeugua nako peke yake hakutoshi. Lakini viwili hivyo vikikutana kwa mtu mmoja, miongozo mingi ya tiba inasema apewe. Kidonge ni kile kidogo cha miligramu 75, ambacho wengi tunakijua kama dawa ya wazee wa moyo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza hiyo 75 kila siku. Baadhi ya madaktari hutoa vidonge viwili, yaani 150, usiku kabla ya kulala, kwa kuwa hicho ndicho kipimo kilichotumika kwenye utafiti mkubwa wa Ulaya uliotoka mwaka 2017. Katika wanawake 1,776 waliokuwa na hatari kubwa, waliopata ugonjwa na kulazimika kujifungua kabla ya wiki ya 37 walikuwa 4.3 katika kila 100 kwa waliopewa kidonge kitupu, yaani kisicho na dawa ndani, na 1.6 katika kila 100 kwa waliomeza aspirini. Asijinunulie aspirini za kawaida za maumivu zenye miligramu 300. Na aseme mapema kama ana vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa na aspirini, au tatizo la kutokwa damu ovyo.

Ukishampigia, rudi tuendelee.

Kwanza jina. Ugonjwa uliokupata kitaalamu unaitwa priklampsia kali. Watu wetu wanaujua kama kifafa cha mimba, na jina hilo limetuumiza kwa njia mbili. Linaufananisha na kifafa cha kawaida, ambacho hauna undugu nacho. Ndiyo maana mama yenu alipotikisika watu wakaona mashetani. La pili ni baya zaidi: linataja mwisho wa ugonjwa. Degedege ndiyo hatua ya mwisho. Kabla yake kuna siku, mara nyingi wiki, ambapo presha iko juu na figo zinavujisha protini, na mama anatembea, anapika, anakwenda sokoni. Hali hiyo haina jina la nyumbani, kwa hiyo hakuna anayeiulizia.

Tunasema ni priklampsia pale presha inapofika 140/90 au zaidi baada ya wiki ya 20 ya mimba, ikipimwa mara mbili kwa kupishana saa nne au zaidi, pamoja na protini kwenye mkojo au dalili kwamba kiungo fulani kimeanza kuathirika. Ikifika 160/110, au chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikashuka chini ya 100,000, au ini na figo zikaonyesha matatizo, au maji yakajaa kwenye mapafu, au kichwa na macho vikasumbua bila kutulia, hapo ni kali. Wewe ulikuwa na 180/120 na ukungu machoni. Hakukuwa na mjadala.

Chanzo chake ni kondo la nyuma. Fikiria mifereji ya kupeleka maji kwenye majaruba ya mpunga. Mwanzoni mwa mimba, mishipa midogo ya damu kwenye ukuta wa mji wa mimba ni myembamba na imejikaza. Chembe za kondo huingia ndani ya mishipa hiyo na kuipanua, mpaka kufikia nusu ya mimba iwe mipana na inapitisha damu nyingi bila nguvu. Kwa baadhi ya wanawake upanuzi huo haukamiliki. Kondo linakua, mtoto anadai zaidi, na damu inayofika ni haba. Kondo lenye njaa humwaga kwenye damu ya mama protini zinazoharibu utando wa ndani wa mishipa yake yote: figo zinavuja, ini linavimba, ubongo na macho vinasumbuka, presha inapanda. Ndiyo sababu dawa za presha zinakulinda na kiharusi lakini haziuondoi ugonjwa. Hauanzi kuondoka mpaka kondo litoke.

Ukiishika picha hiyo, orodha ya walio hatarini haina haja ya kukaririwa. Kuna wanawake ambao upanuzi wenyewe hushindikana. Kuna ambao mishipa yao ilikuwa imechoka tangu kabla ya mimba, kwa hiyo hata kondo lenye shida ndogo linatosha kuwaangusha. Na kuna ambao kondo ni kubwa mno kwa mwili mmoja.

Kundi la kwanza linamhusu mdogo wako. Mwili unaokutana na kondo kwa mara ya kwanza haujalizoea, kwa kuwa nusu ya asili ya kondo ni ya baba na kinga ya mama inapaswa kujifunza kulivumilia. Mimba ya kwanza huongeza hatari takribani mara mbili. Kupita zaidi ya miaka kumi tangu mimba iliyotangulia humrudisha mwanamke karibu na alipokuwa mwanzo. Mwanamume mpya naye huhesabiwa, hasa kama mimba imetungwa mapema baada ya kuanza kuishi pamoja, ingawa si sababu yenye uzito kama nyingine na isikunyime usingizi.

Kundi la pili ndilo linalonitia hofu zaidi ninapofungua kadi ya mtu: presha ya siku zote, kisukari, ugonjwa wa figo, lupasi (ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe), na ugonjwa wa damu kuganda ovyo unaojulikana kwa kifupi kama APS. Uzito mkubwa na umri wa kuanzia miaka 35, zaidi ukipita 40, nao wamo. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2016 ulikusanya tafiti 92 zenye mimba zaidi ya milioni 25. Aliyekuwa na presha kabla ya mimba alionekana kuwa na hatari mara tano ya asiye nayo. Mwenye kisukari, karibu mara nne. Mwenye unene wa kupindukia, karibu mara tatu. Kundi la tatu ni fupi: mapacha, ambao huongeza karibu mara tatu, na mimba zabibu, ambayo ni kondo lililokua vibaya na inaweza kuleta ugonjwa hata kabla ya wiki ya 20.

Juu ya yote hayo kuna sababu moja inayozishinda: kuwahi kuugua. Katika uchambuzi uleule, aliyewahi kupata priklampsia alikuwa na hatari zaidi ya mara nane ya mwenzake ambaye hakuwahi.

Hata hivyo nikikaa na mwanamke kama wewe, swali langu la kwanza si "presha ilifika ngapi." Namuuliza alijifungua wiki ya ngapi. Tarakimu za presha hutegemea ulifika hospitali saa ngapi na ulipewa nini njiani. Wiki inaniambia kondo lilishindwa mapema kiasi gani, na hilo ndilo linalotabiri mimba ijayo. Mwanamke aliyeugua wiki ya 39 na aliyeugua wiki ya 30 wanatumia jina moja la ugonjwa, ila mbele yangu ni wagonjwa wawili tofauti. Kwa wote kwa jumla, ugonjwa hurudi kwa takribani mmoja kati ya sita. Kwa waliojifungua kati ya wiki ya 34 na 37, ni karibu mmoja kati ya wanne. Kwa waliojifungua kati ya wiki ya 28 na 34, na wewe ni mmoja wao, ni mmoja kati ya watatu.

Nakuomba uisome namba hiyo pande zote mbili. Ni kubwa, na sitaki mtu yeyote akuambie "usijali." Lakini katika wanawake watatu wenye historia kama yako, wawili hawaupati tena. Na hata kwa anayeupata, mara nyingi huja wiki kadhaa baadaye kuliko mara ya kwanza, na kwa mtoto tofauti ya wiki 30 na wiki 35 ni kubwa mno.

Sasa mama mkwe. Kusema kwamba ugonjwa una damu ya ukoo si uongo: binti au dada wa aliyeugua ana hatari karibu mara tatu ya mwingine. Kwa hiyo kifo cha mama yenu kinawahusu nyote wawili, na pia yule mdogo wenu wa mwisho kama ni wa kike. Lakini kondo lina asili ya pande mbili. Utafiti wa Norway wa mwaka 1998 uliwafuatilia wanaume ambao mwanamke mmoja aliugua akiwa na mimba yao. Walipozaa na mwanamke mwingine, huyo naye alikuwa na uwezekano karibu mara mbili wa kuugua. Na mwanamume ambaye mama yake aliugua akiwa na mimba yake anaweza kuipeleka hatari hiyo kwa mkewe. Nikiwa kwenye chumba cha kliniki ningemwomba mama mkwe kwa heshima aje aketi nasi, kisha nimuulize: mama, ulipokuwa na mimba ya mwanao, presha ilikuwaje? Jibu lake ni sehemu ya historia yako ya tiba kama lilivyo la mama yako. Anaweza kuwa msaada mkubwa akielewa hivyo.

Umeuliza pia nini hasa huufanya uwe mkali. Kuanza mapema, kabla ya wiki ya 34, ni moja. Kuwa na ugonjwa mwingine chini yake, presha ya zamani au figo au lupasi, ni nyingine. Lakini katika wodi zetu, kinachogeuza priklampsia ya kawaida kuwa kali ni kwamba hakuna aliyeiona ikija. Shirika la Afya Duniani linakadiria wanawake wapatao 46,000 hufa kila mwaka duniani kwa presha ya namna hii ya mimba. Wengi wao ni wa nchi kama zetu, na si kwa sababu makondo yetu ni mabaya kuliko ya wengine.

Nakumbuka mama mmoja wa wiki 33. Alikuwa na maumivu kwenye chembe ya moyo, yanasambaa upande wa kulia chini ya mbavu, na anatapika. Alikokwenda kwanza alipewa dawa za vidonda vya tumbo, akazimeza siku tatu. Presha haikupimwa, maana alikuja "kwa tumbo," hakuja kwa kliniki. Alipofika kwetu tulimwekea mpira wa mkojo, na kilichoshuka kwenye mfuko kilikuwa kidogo, rangi ya chai kavu. Chembe sahani zake zilikuwa 48,000. Yale hayakuwa maumivu ya tumbo. Lilikuwa ini lake limevimba ndani ya ganda lake. Alipona, baada ya siku kumi ambazo sitazisahau. Tangu siku hiyo nawaambia wanaoanza kazi: mjamzito aliyevuka wiki 20 akilalamika juu ya kitovu, mkanda wa presha kwanza, dawa baadaye.

Dalili nyingine unazijua kwa mwili wako mwenyewe, lakini mfundishe mdogo wako: kichwa kisichotulia kwa parasetamoli, ukungu au vimulimuli machoni, pumzi kuwa fupi ukilala, mkojo kupungua, mtoto kupunguza kucheza, uso na mikono kuvimba ghafla mpaka pete haitoki. Miguu kuvimba jioni pekee ni jambo la kawaida kwa wajawazito wengi. Lakini yoyote kati ya zile dalili nilizotaja kabla ya hiyo haingoji tarehe ya kliniki. Ni hospitali siku hiyohiyo, hata usiku.

Tuje kwako, kabla hujabeba mimba. Hiki ndicho kipindi chenye faida kubwa kuliko vyote, na karibu hakuna anayekitumia. Usiache uzazi wa mpango mpaka yafuatayo yamefanyika.

Pima presha yako ya sasa, siku tatu tofauti. Priklampsia huondoka ndani ya wiki 12 baada ya kujifungua; kama bado una 140/90 miaka sita baadaye, hiyo ni presha ya kudumu na inabidi itulizwe kwanza. Ukikuta tayari unatumia dawa, soma jina lake. Kaptoprili, enalaprili, lisinoprili na losatani humdhuru mtoto tumboni, hasa kwenye figo zake, na ni dawa zinazotolewa sana. Usiziache ghafla peke yako. Daktari atakuhamishia kwenye methildopa au nifedipini.

Pima mkojo kwa protini, damu kwa figo na sukari. Kisha omba jambo ambalo huenda hukuambiwa: vipimo vya APS. Mwanamke aliyejifungua kabla ya wiki ya 34 kwa sababu ya priklampsia kali anastahili kupimwa, kwa kuwa ugonjwa huo una tiba yake. Aspirini huongezewa sindano za heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, tangu mwanzo wa mimba. Vipimo hivi havipo kila mahali na vina gharama, na vikionekana vina shida hurudiwa baada ya wiki 12 kabla ya kukubaliwa. Kwako wewe, kama kuna fedha ya kipimo kimoja tu cha ziada, ningeiweka hapo.

Halafu kovu. Wiki ya 30 sehemu ya chini ya mji wa mimba mara nyingi bado haijatanuka, na daktari anaweza kulazimika kuukata wima kwenda juu badala ya mlalo chini. Kovu la nje halisemi lolote kuhusu la ndani. Unaweza kuwa na mstari mzuri wa mlalo kwenye ngozi na mkato wa wima ndani. Mwenye mkato huo hapaswi kufika kwenye uchungu mimba ijayo, maana kovu linaweza kuachia. Anapangiwa upasuaji mapema. Hili halina uhusiano na presha hata kidogo, lakini limewaua wanawake ambao presha haikuwaua, kwa hiyo siwezi kulipita.

Kama uzito uko juu, kila kilo utakazopunguza kabla ya mimba ni faida. Ukishabeba mimba, tusianze kupunguza. Anza vidonge vya foliki asidi kabla, kama mwanamke yeyote anayetarajia. Vinamlinda mtoto uti wa mgongo, si presha.

Ukikosa siku zako, pima mara moja na uanze kliniki mapema, kabla ya wiki ya 12. Aspirini kwako haina mjadala. Historia yako pekee inatosha. Ultrasaundi ya mwanzo itatupa tarehe ya uhakika, na bila hiyo huko mbele hatutajua kama mtoto ni mdogo au tarehe ndiyo mbaya. Kalsiamu nayo ina nafasi hapa kwetu, kwa kuwa vyakula vyetu vya kila siku vina kidogo. Shirika la Afya Duniani lilikuwa linasema gramu 1.5 hadi 2 kwa siku, yaani vidonge vikubwa vitatu au vinne, na akina mama walivichoka. Utafiti uliofanyika Dar es Salaam na Bangalore, India, wanawake 11,000 kila upande, wote wakiwa na mimba ya kwanza, ulitoa majibu mwaka 2024: nusu gramu ilikinga priklampsia sawasawa na gramu moja na nusu. Nafurahi sana kwamba jibu hilo lilipatikana kwa wanawake wetu wenyewe. Ongeza maziwa na dagaa wanaoliwa na mifupa yao. Kidonge cha kalsiamu kiache mbali na kile cha madini ya chuma kwa saa kadhaa, maana vinazuiliana.

Mengine utakayoshauriwa mtaani hayana faida. Kuacha chumvi kabisa hakukingi. Kulala kitandani mimba nzima hakukingi, na kunaleta damu kuganda miguuni. Vitamini C na E zilijaribiwa kwa maelfu ya wanawake na hazikusaidia. Na hukuugua kwa sababu ya mawazo ya ndoa. Nimeliona hilo kati ya mistari ya swali lako, kwa hiyo nalisema wazi: kondo lako lilikuwa limekwama wiki nyingi kabla hujajua chochote, na hakuna ulichokula, ulichobeba wala ulichokasirikia kilichomwondoa mwanao.

Nunua mashine ya presha ya mkononi kama mtaweza. Ya kufunga juu ya kiwiko, si ya kifundo. Namna ya kupima ina maana kuliko mashine. Keti dakika tano kimya, mgongo umeegemea kiti, miguu yote chini, usiikunje nne. Kibofu kiwe kitupu. Mkono uweke mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi na si juu ya dera. Usizungumze wakati mkanda unajaa. Kama mkono ni mnene, mkanda wa kawaida utakupa namba ya juu kuliko kweli, omba mkubwa. Pima asubuhi na jioni, andika kwenye daftari lenye tarehe, na daftari liende nawe kila kliniki. Ukiona 140/90, pumzika, rudia, ikibaki, nenda. Ukiona 160/110, usingoje kurudia kesho, nenda hospitali saa hiyohiyo.

Kliniki nako usitoke bila mkojo wako kupimwa. Ni kijiti cha plastiki chenye kikaratasi cha njano. Kinachovywa, unahesabu takribani dakika moja, kikibaki njano ni salama, kikigeuka kijani kuna protini, na kijani kikikolea ndivyo protini ilivyo nyingi. Una haki ya kukiangalia kikibadilika mbele yako. Wakikuambia vijiti vimekwisha, uliza kituo cha jirani siku hiyohiyo, kwa kuwa kwako kipimo hicho si cha ziada.

Panga tangu mwezi wa sita wa mimba mahali pa kujifungulia: hospitali yenye chumba cha upasuaji, damu, wodi ya watoto njiti, na sindano ya magnisiamu salfeti. Hiyo ya mwisho iulizie kwa jina. Ni dawa ya bei ndogo, inachoma matakoni na kuleta joto mwili mzima, na mwaka 2002 utafiti wa wanawake karibu 10,000 katika nchi 33 ulionyesha inapunguza degedege kwa zaidi ya nusu kwa wenye priklampsia. Mdogo wako wa Pangani naye asipange zahanati ya kijijini, hata kama mimba inakwenda vizuri. Mwezi wa mwisho ahamie kwako mjini.

Na mtoto akizaliwa, tusilegee. Mama yenu alifariki wiki ya kwanza baada ya kujifungua, na hicho ni kipindi ambacho wengi hudhani hatari imekwisha. Presha huwa na tabia ya kupanda tena kati ya siku ya tatu na ya sita, wakati mzazi amesharudishwa nyumbani, amefungiwa ndani kwa arobaini yake, na kichwa kikimuuma anaambiwa ni upepo au kukosa usingizi. Simkatazi mtu arobaini. Ni mapumziko mazuri na mama anayahitaji. Lakini mashine ya presha iingie chumbani pamoja na uji. Mpimeni kila siku wiki ya kwanza, na degedege inaweza kutokea hata wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo kichwa kikali au macho kusumbua ndani ya arobaini ni hospitali.

Jambo lako moja la mwisho ni moyo wako. Mwanamke aliyepitia ulichopitia ana uwezekano karibu mara mbili wa ugonjwa wa moyo na kiharusi maishani, na zaidi ya hapo kwa presha ya kudumu. Uzae tena au usizae, pima presha kila mwaka.

Kazi yako ya wiki hii, ukishamalizana na mdogo wako, ni kwenda masjala ya hospitali uliyojifungulia na kuomba faili la upasuaji. Unatafuta mambo matatu: wiki za mimba walizoandika, uzito wa mtoto, na mkato wa mji wa mimba ulikuwa wa mlalo au wima. Wape mwezi na mwaka, na watajie jina ulilokuwa unalitumia wakati ule. Kama ulisajiliwa kwa jina la mume wa kwanza, hawatakupata kwa hili la sasa.